Kipimo cha damu cha moyo, NT-proBNP, cha mdogo wangu kimetoka 2,860 na anasubiri kubadilishiwa valvu ya moyo. Aende au tusitishe?

Mwana wa Mvumi

Wakuu, mbukwenyi. Naomba mwenye ujuzi wa vipimo vya damu anisaidie mapema, maana nyumbani kumechafuka.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, anafundisha chekechea huku Chamwino. Alipokuwa shule ya msingi mafindofindo yalikuwa hayamuishi, halafu magoti yakawa yanavimba kwa zamu, leo hili kesho lile. Tukamkanda kwa maji ya moto na chumvi, ikapita, tukasahau. Mwaka jana akaanza kuhema akibeba ndoo moja tu, na usiku halali mpaka amepanga mito mgongoni. Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaonyesha valvu ya mitrali imebana. Tundu limebaki sentimita ya mraba 0.8, valvu imekakamaa na inavuja. Madaktari wakasema kupanua kwa puto haitawezekana kwa valvu ya namna hiyo, inabadilishwa kabisa. Tarehe ya Dar es Salaam tunayo. Mzee ameuza ng'ombe, bima inabeba sehemu yake, kwa hiyo upande wa hela hatuna neno.

Juzi amepimwa damu ya maandalizi hapa Dodoma mjini. Naandika kama ilivyo kwenye karatasi: NT-proBNP 2,860, mwisho wa kawaida 125, wameweka nyota na herufi H. Hemoglobini 10.4. Kreatinini 71. Albumini, protini ya damu, 33. CRP 4. Troponini, kiashiria cha kuumia kwa misuli ya moyo, imepanda kidogo.

Kilichoharibu ni hiki. Mdogo wetu wa mwisho yuko chuo, akaingia mtandaoni, akakuta kwamba waliobadilishiwa valvu huku NT-proBNP iko juu wanakufa zaidi mwaka wa kwanza. Akasoma kwa sauti, mama yupo palepale anachambua mlenda. Mama akasema kama damu yenyewe imeshasema, mwanangu haendi kufia ugenini, abaki hapa nimuuguze mwenyewe. Mgonjwa hakujibu kitu, akaendelea kukata karatasi za rangi za darasa lake.

Na kuna jingine ambalo limemvunja hata baba. Miezi mitatu nyuma alipima kipimo hichohicho maabara nyingine, ikatoka 310. Kutoka 310 mpaka 2,860 kwa miezi mitatu!

Namba hii inatabiri kifo kweli? Tusitishe? Ipo dawa ya kuishusha kwanza ndipo aende?

Rozela Kavu

Pole sana mkuu. Mpeni juisi ya rozela changanya na bitiruti, asubuhi na jioni. Shemeji yangu presha ilishuka kabisa. Hiyo namba nayo itashuka tu. Mungu mbele.

Darubini ya Makole

Mwana wa Mvumi, pole, na mpe mama pole yake pia. Mimi ni mtu wa maabara, daktari wa moyo ni mwingine, kwa hiyo nitasema ya damu na ya moyo muulizeni mwenyewe.

Kabla sijaandika mengi, chukua ile karatasi ya miezi mitatu nyuma. Mbele ya 310 kuna herufi ndogo. Ni pg/mL au pmol/L?

Rozela, juisi yako ni tamu na mimi ninaiuza nyumbani, ila kwa mgonjwa wa moyo anayekunywa dawa za kukojoa usimpangie jagi mbili kwa siku. Wengine maji yao yamepimwa.

Mwana wa Mvumi

Nimeitoa kwenye faili sasa hivi. Ya kwanza imeandikwa pmol/L. Ya pili pg/mL. Ina maana gani mkuu?

Darubini ya Makole

Nilihisi. Hizo ni njia mbili za kuhesabu kitu kilekile. Kwa NT-proBNP, pmol/L moja ni sawa na pg/mL 8.457. Zidisha: 310 mara 8.457 unapata 2,622. Kwa hiyo mdogo wako alikuwa 2,622, leo yuko 2,860. Kimepanda kama asilimia 9, na tofauti ya ukubwa huo inaletwa na mwili wenyewe kati ya wiki na wiki, au na mashine mbili tofauti. Hakuna kilicholipuka ndani ya miezi mitatu. Mwambie baba leo hii, usisubiri kesho.

Sasa tuje kwenye 2,860 yenyewe, maana bado iko juu na sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Misuli ya moyo ikivutwa kupita uwezo wake inamwaga homoni kwenye damu. NT-proBNP ni kipande kinachobaki homoni hiyo inapokatwa, na ndicho tunachopima. Kwa mtu ambaye valvu ya aota, mlango wa kutokea damu kwenda mwilini, imebana, kinachovutwa ni chumba cha chini kushoto, kile kinachosukuma damu mwili mzima. Kwa mdogo wako hadithi ni tofauti. Mitrali ndiyo mlango wa kuingilia chumba hicho, na mlango ukibana chumba kinapata damu kidogo, hakilemewi. Kinacholemewa ni nyuma ya mlango: chumba cha juu kushoto kinatanuka, mapafu yanajaa, halafu upande wa kulia wa moyo unasukuma damu kwenye mapafu yenye presha kubwa. Ile 2,860 inatoka huko kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo rudi kwenye ripoti ya eko usome mistari ambayo watu huiruka: presha ya mapafu imeandikwa ngapi, na upande wa kulia unafanya kazi vipi. Angalia na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kama mapigo yana mpangilio au yamevurugika, kwa sababu mapigo yakivurugika peke yake yanapandisha namba hii.

Figo mbovu pia huipandisha, ila kreatinini 71 kwa binti wa umri huo inanituliza. Wembamba huipandisha, unene huishusha. Ile 125 isikutishe, huo ni mpaka wa kuamua kama mtu anayehema achunguzwe moyo zaidi. Haukuwekwa kupima nani ataishi.

Alichosoma kijana wa chuo hakikuwa uongo. Ila ungemuuliza: waliopimwa ni akina nani? Tafiti nyingi za viashiria vya damu na kubadilisha valvu zimefanywa Ulaya na Marekani, kwa wazee wa miaka 70 na 80 ambao valvu ya aota imeingiwa na chokaa ya uzee. Wengi wao hawapasuliwi hata kifua. Valvu mpya inapitishwa kwenye mshipa wa paja, njia aliyoianza Alain Cribier kule Rouen, Ufaransa, Aprili 2002, kwa mgonjwa ambaye hakufaa kupasuliwa. Wazee hao wana kisukari, figo zimechoka, mapafu yamechoka. Kwao ni kweli, NT-proBNP ikiwa juu, troponini juu, na kiashiria kingine kiitwacho GDF-15 juu, vifo ni vingi zaidi. Ukichukua namba hizo ukambandika binti wa miaka 24 mwenye mitrali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, unamvika koti la babu.

Na hata kwa wazee wenyewe, namba inasema juu ya kundi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua chini ya wastani kanda ya kati, inaweza kuwa kweli kwa kanda nzima na shamba lako la Mvumi likapata mvua kuliko mwaka jana.

Wapasuaji wana kikokotoo chao kinaitwa EuroSCORE II, cha mwaka 2012. Kinauliza umri, figo, presha ya mapafu, nguvu ya moyo, mgonjwa anahema kiasi gani, na kama upasuaji ni wa dharura. Nafasi ya kuandika NT-proBNP haimo hata. Watafiti wakiiongeza juu ya vikokotoo vya namna hiyo, ukisiaji unaboreka kiasi. Basi. Ni kiungo kimoja cha mchuzi.

Hili la mwisho ndilo ningependa mama alisikie. Anadhani namba ile imetokana na upasuaji, kwamba akiukwepa upasuaji ameikwepa namba. Namba imetokana na valvu. Akibaki Mvumi valvu iko naye, tundu ni lilelile 0.8, na moyo unaendelea kuvutwa. Kwenye aota mwelekeo wa madaktari uko wazi kabisa. Miongozo ya Ulaya ya 2021 inasema mtu ambaye aota yake imebana sana lakini hana dalili, homoni hii ikizidi mara tatu ya kawaida ya umri na jinsia yake, ikarudiwa ikawa hivyohivyo bila sababu nyingine, na hatari ya upasuaji kwake ni ndogo, hiyo ni hoja ya kumfanyia mapema. Yaani namba kubwa inamsogeza mgonjwa karibu na upasuaji. Kwa mitrali uamuzi unafuata eko na dalili, na tundu la chini ya 1.5 tayari linaitwa kubana sana. Yeye ni 0.8 na analala na mito.

Sikufichi: anaingia chumba cha upasuaji amechoka kuliko mwenye 400. Anayemlaza usingizi na watu wa chumba cha uangalizi wanapaswa kuiona karatasi hii mapema. Ndiyo kazi yake.

Dawa ya kuishusha "kwanza"? Dawa za kukojoa na za kupunguza mapigo zinaupa moyo nafuu na namba inaweza kushuka, ila hizo daktari wake ndiye anazipima. Kushusha namba kwa ajili ya karatasi ionekane nzuri hakuna maana yoyote.

Sista Zamu ya Usiku

Kaka, Darubini amemaliza ya NT-proBNP. Mimi nimeangalia namba ambazo hamkuzitilia maanani: hemoglobini 10.4 na albumini 33. Hizi nazo zinahusiana na nani anatoka salama wodini, na tofauti na ile kubwa, hizi mnaweza kuzifanyia kazi kabla ya safari.

Hemoglobini: muulizeni daktari atafute sababu. Kwa msichana inaweza kuwa hedhi nyingi, inaweza kuwa minyoo ya safura, inaweza kuwa upungufu wa madini chuma tu. Kila sababu ina tiba yake. Msikimbilie kumnunulia dawa ya damu dukani bila kujua. Akiingia na damu ya kutosha, anaongezewa chupa chache.

Albumini inashuka kwa ini lililojaa maji ya moyo, na inashuka kwa kutokula. Mgonjwa wa mitrali hali vizuri, akila kidogo tumbo limejaa. Mpeni kidogokidogo mara nyingi: mayai, maziwa, maharage, dagaa zilizooshwa chumvi.

Halafu meno! Mpelekeni kwa daktari wa meno kabla. Jino bovu likimwaga wadudu kwenye damu wakatua kwenye valvu mpya, hiyo ni vita nyingine. Nimeona watu wanajiandaa kwa kila kitu wanasahau mdomo. Na sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne kwa ajili ya baridi yabisi, kama yuko nayo, valvu mpya haimaanishi kuiacha. Aulize.

Mama Tiki

Mimi ni wa Kondoa, nina valvu ya chuma ya mitrali, usiku kukiwa kimya mume wangu anaisikia inagonga. Mwanzoni ilimkosesha usingizi, siku hizi nisipolala nyumbani ndipo hapati usingizi.

Mwanangu, mimi hiyo NT-proBNP nilipimwa kabla, na walirudia baada ya miezi kadhaa, ikawa imeshuka sana. Baada ya hapo namba inayotawala maisha yangu ni INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda. Kwa valvu yangu wananitaka kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaweza kuganda kwenye chuma, ukapata kiharusi. Ikipanda sana unavuja damu. Nikiwa na valvu ya chuma dawa ya kuzuia damu isigande ni warfarini, na usidanganywe na dawa mpya zisizohitaji kupima. Walijaribu dabigatrani kwa watu wenye valvu za chuma, matokeo yakatoka 2013: damu iliganda zaidi na wengine wakavuja zaidi, utafiti ukasimamishwa.

Tuje kwenye mlenda, maana umesema mama anachambua mlenda na nikacheka peke yangu. Wagogo na sisi Warangi bila mboga ya majani hatujala. Niliporudi kutoka hospitali jirani akaniambia nimekatazwa majani maisha yangu yote, nikaishi kwa maharage na huzuni. Kliniki wakaniambia hapana. Majani yana vitamini K, na vitamini K inapingana na warfarini, kwa hiyo kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki zote, wao wapime dozi juu ya hicho ninachokula. Shida inakuja masika: mchicha, majani ya maboga na mlenda mbichi vinajaa kila mahali, INR inaanguka. Kiangazi tunarudi kwenye mlenda mkavu kidogo, INR inapanda. Miezi hiyo ya kubadilika ndiyo naenda kupima mara nyingi. Flagyl na Septrin huipandisha pia, na diklofenaki ya dukani usiiguse. Mwuza dawa hajui una nini kifuani, mwambie.

Na hili mlizungumze kabla, si baada. Ana miaka 24. Anataka watoto? Warfarini miezi ya mwanzo ya mimba inaweza kumdhuru mtoto. Valvu ya tishu, ile isiyo ya chuma, haihitaji warfarini ya maisha, ila kwa kijana inachakaa haraka na atarudi kupasuliwa tena. Hakuna jibu rahisi. Mimi nilikuwa nimeshazaa, nikachagua chuma. Yeye aulizwe mwenyewe, msimjibie.

Mwana wa Mvumi

Asanteni sana, hasa wewe Mama Tiki, shikamoo.

Nimekaa na baba na mama jana jioni. Nikaweka karatasi mbili mezani na kikokotoo cha simu, nikazidisha mbele yao. Baba akarudia mwenyewe kuzidisha mara mbili, hakuamini simu, akachukua kalamu. Mama bado ana hofu ila amesema kama ni valvu basi itolewe. La watoto sikujua kama tunapaswa kuliuliza. Nimemwachia mdogo wangu asome jibu lako mwenyewe, na amesema ana maswali yake atamuuliza daktari, hataki niwepo. Sawa.

Eko nimeisoma tena: presha ya mapafu 62, upande wa kulia "umetanuka kidogo, unafanya kazi vizuri". ECG mapigo yako sawa. Daktari wa meno ni Alhamisi.

Swali moja kwa Darubini: akishafanyiwa tupime tena lini ili tujue imeshuka?

Darubini ya Makole

Presha 62 inaielezea ile 2,860 vizuri kabisa, na upande wa kulia kufanya kazi vizuri ni habari njema kwenu kuliko namba yoyote niliyoandika hapa.

Kupima tena: msiombe siku za mwanzo. Moyo umekatwa, umesimamishwa, damu imepita kwenye mashine. Troponini hupanda kwa kila mtu anayefanyiwa hivyo, na NT-proBNP nayo hupanda siku hizo. Ukiipima siku ya tatu utaleta uzi mwingine hapa wa kulia. Daktari akiitaka akiwa wodini ni kwa sababu zake, muachie. Nyinyi subirini kliniki ya miezi michache baadaye, na mwende maabara ileile yenye mashine ileile, muone kizio ni kilekile kabla ya kulinganisha. Ikiwa imeshuka na akabaki huko chini, vizuri. Ikishuka halafu ikaanza kupanda tena, hasa akihema au akiwa na homa, hapo mnakimbia, na homa isiyoeleweka kwa mwenye valvu mpya inachukuliwa damu ya kuotesha, kutafuta wadudu, kabla ya kuanza dozi ya antibiotiki ya mtaani.

Piga picha karatasi zote mbili, pande zote, zikae kwenye simu ya mdogo wako na yako. Kule Dar watataka kuona na ile ya 310, na wewe uandike pembeni kwa kalamu: pmol/L.

Tembe la Mpwapwa

Samahani kwa kuingilia uzi. Baba yangu ana aota imebana, ana miaka 71, tuko Mpwapwa. Damu ya kipimo hiki inaweza kutolewa huku ikapelekwa Dodoma, au lazima mzee asafiri? Barabara inamtesa.

Darubini ya Makole

Fungua uzi wako mkuu, wa mzee una mambo yake. Ila kwa kifupi: kama ni NT-proBNP, inavumilia safari, sampuli ikitenganishwa vizuri inakaa hata zaidi ya siku moja bila kuharibika. Kama maabara inapima BNP, ile homoni yenyewe, hiyo inavunjika upesi, mzee aje mwenyewe. Piga simu maabara uliza wanapima ipi kati ya hizo mbili, na usilinganishe majibu ya moja na ya nyingine, hata kizio kikiwa kimoja.